Mume, Mke na Kamera

Kama wewe na mwenzio mko poa, hongereni. Kama mmenuniana, sogeeni hapa wote wawili, maana ya leo inawahusu. Tunakwenda Jakarta, Indonesia, na tiketi ni simu yako tu.

Najua wengi wenu mmezama kwa Wakorea na Wafilipino. Mimi kwa miaka kadhaa sasa ni mgonjwa wa mastaa wa Indonesia, na kilichoniteka mwanzoni ni maneno. Unaangalia zako harusi ya watu, hujui hata salamu ya kwao, mara unasikia nikah, wali, mahar. Unashtuka. Hee, hawa si wa Tanga hawa! Habari kwao ni kabar, wakati ni waktu, dunia ni dunia vilevile, na meza ni meja. Mengi ni Kiarabu kilichokuja na dini na biashara, kwao kama kwetu, na hiyo meza tulipewa wote na Wareno. Lakini mambo yakiharibika ndipo unajua kweli sisi ni ndugu, kwa sababu hapo linaingia neno talak, na nyuma yake linafuata jingine ambalo halihitaji mkalimani: aib.

Ndiyo, aibu. Kwao aib ni ile kasoro ya mtu au ya nyumba ambayo haitakiwi kuvuka kizingiti. Wana na msemo wao wa kumsuta anayeitoa nje, wanasema ameianika, kama sisi tunavyosema. Sasa kwa taarifa yako, hii ndiyo nchi ambayo ndoa za mastaa zimegeuka kuwa kipindi, na kipindi kimegeuka kuwa kampuni. Nimeziangalia nyingi, nyingine mpaka usiku wa manane, na kuna jambo linanikera nataka tulizungumze kwa sababu naliona linabisha hodi huku kwetu pia.

Turudi nyuma kidogo. Mpaka mwaka 1989 Waindonesia walikuwa na televisheni moja, TVRI, ya serikali. Mwaka huo ikaingia RCTI, ya kwanza ya binafsi, zikafuata nyingine, na baada ya Rais Suharto kung'oka mwaka 1998 mdomo ukafunguka kabisa. Kila kituo kikawa na kipindi chake cha umbea wa mastaa. Kimoja cha Trans TV kinaitwa Insert, kingine cha RCTI kiliitwa Silet, maana yake wembe, yaani jina tu unajua utakatwa. Nani kaachwa, nani kaonekana hotelini na nani. Mwaka 2006 jumuiya kubwa ya Kiislamu ya huko, Nahdlatul Ulama, ikatoa msimamo kwamba vipindi vya kusengenya watu ni haramu, na mwaka 2010 baraza la maulamaa la nchi likatoa fatwa yake juu ya hilohilo. Lakini wapi! Vikaendelea kupeta.

Ila hapo bado staa alikuwa anakimbizwa. Mwandishi anaruka ukuta, staa anafunga pazia. Kilichobadilika ni pale mastaa walipojiuliza, hivi kwa nini watu wengine wale hela kwa ndoa yangu wakati mwenye ndoa ni mimi?

Oktoba 2014, Raffi Ahmad, mtangazaji na mwigizaji, kijana wa Bandung, alimuoa mwigizaji Nagita Slavina. Trans TV ikaonyesha harusi moja kwa moja kwa siku mbili mfululizo. Siku mbili! Mila za kabla ya ndoa, akdi, mapambo, nguo, wageni, machozi ya wazazi, matangazo ya biashara, tunarudi tena ukumbini. Watu wengine wakachoka, wakalalamika kwa Tume ya Utangazaji ya Indonesia, inayojulikana kama KPI. Tume ikakipa kituo karipio. Hoja yake ilikuwa rahisi na mimi naipenda: masafa ya televisheni ni mali ya umma, na harusi ya Raffi ni ya Raffi. Miezi miwili tu baadaye, Desemba 2014, RCTI ikaonyesha moja kwa moja mwanamuziki Anang Hermansyah na mkewe Ashanty wakipata mtoto. Kujifungua, mpenzi msomaji, sebuleni kwa watu. Tume ikanyanyua tena kidole.

Nakuomba ukikumbuke hicho kidole. Huko kwenye televisheni kulikuwa na mtu wa nje, asiye na undugu wala maslahi na wanandoa hao, mwenye mamlaka ya kusema basi, inatosha.

Halafu ikaja YouTube ikapindua meza. Raffi na Nagita wakaanzisha kampuni yao, Rans Entertainment, mwaka 2015, na nyumba yao ya mtaa wa Andara, Jakarta Kusini, ikawa studio. Wanakula tunaona, wananunua gari tunaona, wanagombana kidogo tunaona. Watu wakambatiza Raffi jina la Sultan Andara, na usultani wenyewe si wa mdomoni: mwaka 2021 kampuni ikaingia mpaka kwenye umiliki wa timu ya mpira, na Oktoba 2024 Rais Prabowo Subianto akamteua Raffi kuwa mjumbe wake maalumu wa masuala ya vijana na wasanii. Kwa hiyo usinielewe vibaya. Sisemi kamera inaua kila ndoa. Hawa wawili wameitawala biashara yao. Lakini wana kampuni nzima nyuma yao, kuna anayeshika kamera na kuna anayekata picha. Wewe utakayeshika simu kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto umebeba mtoto, usijilinganishe na Sultani.

Baada yao mlango ukabaki wazi. Atta Halilintar, kaka mkubwa katika familia ya watoto 11, alikuwa wa kwanza Asia ya Kusini Mashariki kufikisha wafuatiliaji milioni 10 YouTube, mwaka 2019. Aprili 2021 akamuoa Aurel, binti mkubwa wa huyohuyo Anang. Mashahidi wa ndoa walikuwa Rais wa nchi wa wakati huo, Joko Widodo, na Prabowo ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Ulinzi. RCTI wakarusha, na mitandao ya Ikulu ikaweka, wananchi wakahoji imekuwaje harusi ya staa inawekwa kwenye akaunti ya serikali wakati wenyewe wamezuiwa kukusanyika kwa sababu ya korona. Harusi ikapita.

Sasa sikia. Ile tume yenye kidole iliundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na kazi yake ni redio na televisheni. Mwaka 2019 viongozi wake walipotamka kwamba wanataka kuangalia pia YouTube na Netflix, vijana waliwajia juu vibaya sana, na nadhani walikuwa na haki, nani anataka serikali kwenye simu yake? Lakini matokeo yake ni kwamba kwenye chaneli ya wapendanao hakuna mtu wa nje wa kusema inatosha. Amebaki mmoja tu mwenye uwezo huo, na huyo ni mwenzio. Ambaye naye anakula kwenye chaneli hiyohiyo.

Kuna wanandoa ninaofahamiana nao hapa mjini, wote waajiriwa, mke yuko benki na mume kampuni ya bima. Ndoa yao ina miaka mitatu. Mume ni mchekeshaji wa kuzaliwa, hata msibani lazima atafute kona ya kuchekesha watu. Juzijuzi akanijia, "Dada, tunataka kufungua chaneli yetu, mimi na huyu, maisha yetu tu ya kawaida. Unatushauri nini, wewe si ndiyo unaangalia wale Waindonesia wako?" Nikamgeukia mke. "Na wewe wifi, unasemaje?" Akafikiri kidogo, akajibu, "Mimi kupika, kusafiri, kutaniana, sina neno. Ila siku nikilia asinirekodi." Mume akacheka. "Sasa wife, si ndizo zinazoangaliwa hizo!"

Mimi sikucheka. Nikawasimulia ya Baim na Paula.

Baim Wong ni mwigizaji wa tamthilia, Paula Verhoeven alikuwa mwanamitindo, mrefu kama mnazi, mrembo hasa. Walioana Novemba 2018 na chaneli yao ikabeba majina yao wote wawili, Baim Paula. Watoto, nyumba, kusaidia masikini, na mizaha ya kamera ya kujificha. Hiyo mizaha ndiyo mboga kuu ya chaneli nyingi za huko: mmoja anajifanya amekasirika, au amepata mpenzi mwingine, mwenzie anahangaika, mwishoni wanakumbatiana. Ukiangalia mmoja unacheka. Ukiangalia ishirini unaanza kumhurumia yule anayehangaika kila wiki.

Oktoba 2022 wakafanya mzaha ambao Indonesia haijausahau. Paula aliingia kituo cha polisi cha Kebayoran Lama, Jakarta, akajifanya amekwenda kushtaki kwamba mume wake amempiga. Kamera imefichwa. Askari wa watu akakaa, akaanza kusikiliza kwa dhati kama kazi yake inavyomtaka. Kumbe usanii!

Ungesema ni utoto tu, yaishe. Tatizo ni siku zenyewe. Siku chache kabla, mwishoni mwa Septemba 2022, Lesti Kejora, mwimbaji kipenzi wa muziki wa dangdut, aliyepanda kwa kushinda shindano la D'Academy mwaka 2014, alikuwa amekwenda polisi kweli kutoa malalamiko ya kupigwa dhidi ya mumewe, Rizky Billar. Nao walikuwa wapendwa wa kamera, mashabiki wameunganisha majina yao wakawaita Leslar, na ndoa yao ya Agosti 2021 ilionyeshwa kwenye televisheni. Nchi nzima ilikuwa inazungumzia jambo moja, ukatili ndani ya nyumba, ambao Indonesia ina sheria yake tangu 2004. Polisi wakamtaja Billar kuwa mtuhumiwa, halafu katikati ya Oktoba Lesti akaondoa malalamiko, ndoa ikaendelea. Sitasema zaidi, ya kwao wanayajua wao. Ila wewe jiweke kwenye nafasi ya mwanamke mwingine, asiye staa, anayeishi mtaa uleule wa Kebayoran Lama, ambaye wiki ile alikuwa anakusanya ujasiri aende kituo kilekile. Akifika, askari atamtazama usoni au atatafuta kamera imefichwa wapi?

Watu waliwaka, hawakupoa. Baim na Paula wakaifuta video, wakarudi kituoni kuomba radhi, na bado wananchi wengine wakawafungulia malalamiko ya kutoa taarifa ya uongo. Ndoa yenyewe? Oktoba 2024 Baim aliomba talaka, na Aprili 2025 mahakama ya dini ya Jakarta Kusini, ambayo kwetu ungeifananisha na ya kadhi, ikaikubali. Na maneno yao wawili yakaendelea kwenye vyombo vya habari wiki hadi wiki.

Waindonesia wana neno settingan, yaani kitu cha kupangwa, geresha. Mastaa wakiachana, nusu ya watazamaji wanasema settingan. Wakirudiana, settingan. Staa akilia machozi ya kweli, anaambiwa anatafuta namba. Hebu fikiria uchungu wa hapo. Umefundisha watu miaka mitano kwamba kulia kwako ni mchezo, siku umelia kweli hakuna anayekuja na kitambaa.

Na ni vigumu kuacha. Mwaka 2019, Ria Ricis, mmoja wa wanawake wa YouTube wenye wafuatiliaji wengi zaidi nchini humo, alitoa video ya kuaga, kwaherini jamani, ikaangaliwa kupita kiasi. Baada ya siku chache karudi. Watu wakanuna, lakini wakaangalia. Novemba 2021 akaolewa na Teuku Ryan, harusi kubwa, kisha wakapata mtoto, na mtoto naye akaingia kwenye kamera. Mwanzoni mwa 2023 walisemwa sana baada ya kuonekana na kichanga huyo kwenye pikipiki ya maji. Mapema 2024 Ricis akafungua kesi ya talaka, na Mei mwaka huo wakatenganishwa.

Sasa hapa ndipo mimi huwa naishiwa maneno. Hukumu ya mahakama, yale maandishi ambayo ndani yake mtu anaeleza kwa hakimu kwa nini hawezi tena kuishi na mwenzie, ilisambaa mtandaoni. Watu wakaisoma ukurasa kwa ukurasa kama tamthilia. Safari hii hakuna aliyebonyeza kitufe cha kurekodi, si mke si mume. Lakini watazamaji walikuwa wameshazoea kwamba ndani ya nyumba ile hakuna chumba kilichofungwa, wakaingia tu bila hodi. Ndani yake kulikuwa na mambo ya watu wawili, nami nakataa kukurudia hata moja.

Nasikia unauliza, basi kwa nini watu wanayapenda hivyo? Kwa sababu yanatugusa, ndiyo jibu. Hata hadithi za watu wasio mastaa zinauzika. Mwaka 2019 mwanamke mmoja aliandika mtandaoni kisa cha ndoa yake kuingiliwa na mwanamke mwingine, kikasambaa, kikawa kitabu, kisha tamthilia ya mtandaoni Layangan Putus, iliyoonyeshwa na WeTV kuanzia mwishoni mwa 2021. Jina lake ni kishada kilichokatika uzi. Ilitazamwa mpaka eneo la Cappadocia la Uturuki likawa kichekesho cha taifa, maana mke aliota kwenda huko na mume akampeleka yule mwingine. Mwaka 2024 ikaja sinema Ipar Adalah Maut, kisa cha mume na shemeji yake chini ya paa moja, nayo ilianzia kwenye simulizi ya TikTok. Zaidi ya watu milioni 4 walikata tiketi. Mimi nimeiangalia mara mbili, na mara ya pili nililia zaidi.

Ila hizo ni hadithi zilizokwisha. Mwenye kisa amekaa, ametulia, ameamua nini aseme na nini abaki nacho, majina yamebadilishwa, waigizaji wanalipwa. Wanandoa wenye chaneli hawana nafasi hiyo. Wanauza wali ungali jikoni haujaiva. Na soko lenyewe halina huruma: ndoa iliyotulia haina cha kuonyesha kesho. Wao wana neno zuri sana, bucin, kifupi cha mtumwa wa mapenzi, yaani yule aliyependa mpaka akapoteza akili. Bucin wanapendeza miezi sita ya kwanza. Mwezi wa saba mtazamaji anataka kitu kingine, na ndani ya nyumba vitu vingine vinavyopatikana ni ugomvi, ugonjwa na mtoto.

Nilipomaliza kusimulia, yule mume wa bima akaniuliza swali la maana. "Sasa dada, si mtu anaweza kurekodi halafu asitupie? Inakaa tu kwenye simu." Nikamwambia mwulize Ariel. Huyu alikuwa mwimbaji wa Peterpan, bendi iliyotikisa Indonesia yote. Mwaka 2010 video zake za faragha na wapenzi wake zilivuja. Yeye alisema hakuzisambaza, mtu mwingine alizipata kwenye vifaa vyake. Mahakama ya Bandung ikamhukumu miaka mitatu na nusu, Januari 2011, kwamba alisababisha zisambae. Alitoka jela 2012, bendi ikarudi kwa jina jipya la Noah, yeye akainuka tena kimuziki. Wanawake waliokuwamo kwenye video zile walibebeshwa fedheha kwa miaka. Ndiyo hivyo, mwanamume anasamehewa mapema, hilo nalo tunafanana na Waindonesia.

Mke alikuwa kimya muda wote. Halafu akasema masharti yake, na mimi nayaandika kama alivyoyatamka kwa sababu ni mazuri kuliko ambayo ningetunga mwenyewe. Kila video wataiangalia wote wawili kabla haijakwenda popote. Mmoja akisema hapana, hapana yake haidaiwi maelezo. Na ikikataliwa inafutwa hapohapo kwenye simu, mwenzie akiona. Mtoto wakimpata haonekani, mpaka awe na umri wa kukataa mwenyewe. Na simu haiingii chumbani kwa ajili ya chaneli, hata kwa utani, hata siku ya kumbukumbu ya ndoa.

Mume akauliza kama ugomvi mdogomdogo unaruhusiwa, ule wa nani kamaliza sukari. Wakabishana hapo karibu nusu saa, mimi nikamalizia chai yangu. Mwisho wakakubaliana sukari ruksa, ila mama mkwe hapana.

Wamekwishaanza. Video ya kwanza ilikuwa ya chapati, na mume aliziunguza mbili. Nilipoangalia mara ya mwisho ilikuwa na watazamaji 43, na kwa kusoma maoni chini yake, nusu ni dada zake mke.

Tukutane mwezi ujao.